Mwalimu hana wajibu wa kuwasomea wenzake cheti cha daktari

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu mwalimu mwenzangu aliyeuliza kama ni lazima awaambie walimu wenzake kwamba anakwenda kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Nimesoma majibu aliyopewa. Msomaji mmoja alimshauri atangaze mapema ili midomo ya watu ikose la kusema. Mwingine alimwambia asimweleze mtu yeyote, hata mkuu wa shule. Mimi nafundisha hisabati, upasuaji huo nimefanyiwa, na nimerudi darasani. Naona majibu yote mawili yatamponza.

Nianze na la kuficha kwa kila mtu. Siku hizi upasuaji huu hufanywa kupitia matundu madogo tumboni, na wagonjwa wengi huruhusiwa kwenda nyumbani baada ya siku moja au mbili. Ndiyo maana mtu hudhani ataupitisha kimyakimya katika likizo fupi. Ni kweli wengi hurudi kazini baada ya wiki mbili hadi nne, lakini hurudi na masharti. Daktari atakukataza kubeba mizigo kwa wiki kadhaa, na sisi walimu tunajua uzito wa madaftari ya darasa zima ukiyapandisha ngazi. Utatakiwa kunywa maji kwa mafunda madogo madogo kutwa nzima, kwa sababu sehemu kubwa ya tumbo la chakula imeondolewa, na iliyobaki haipokei tena glasi nzima kwa mara moja. Huruhusiwi kunywa huku unakula. Unasubiri kama nusu saa. Chakula chenyewe, hata kiwe kidogo kiasi gani, hutafunwa polepole mpaka kilainike kabisa, na kengele ya mapumziko haimsubiri mtu. Ukiharakisha kitakukwama kifuani, na kipindi kinachofuata utakitoka mbio kwenda kutapika.

Haya ni mambo ya kazi, na mkuu wa shule anapaswa kuyajua. Mimi nilimweleza kwamba nitakuwa nje kwa muda ulioandikwa na daktari, nikirudi sitabeba kitu kizito, nitakuwa na chupa ya maji mezani, na kwa miezi ya mwanzo nisipangiwe zamu wakati wa chakula. Cheti kilisema upasuaji wa tumbo, na kweli ulikuwa upasuaji wa tumbo. Hakuhitaji zaidi ya hapo ili apate mtu wa kushika vipindi vyangu. Mwalimu ninayefundisha naye somo moja nilimwambia yote, maana nilitaka awepo mtu pale shuleni atakayejua la kumwambia daktari nikianguka. Nilimchagua kwa sababu sijawahi kumsikia akinisimulia habari za mwingine.

Sasa hili la kutangaza. Anayelishauri anadhani habari ikishatoka imekwisha. Shuleni haiishi. Niliwahi kufanya kazi na mwalimu aliyefanyiwa upasuaji huu akawaambia wote, kwa moyo mweupe, katika kikao. Tangu siku ile chakula chake kikawa cha kukaguliwa. Mchana mmoja alifungua chombo chake, na mwenzetu akainuka kitini, akaja kuchungulia, akauliza, "Hiyo nayo unaruhusiwa?" Mwalimu yule akaweka kijiko chini, akafunga kifuniko, akavuta madaftari na kuanza kusahihisha. Baadaye akawa anakula peke yake ndani ya gari. Sidhani kama kuna aliyekusudia kumuumiza. Waliuliza wakiamini wanamjali. Lakini habari ilifika kwa wazazi, kutoka kwa wazazi ikafika kwa watoto, na mtoto akishasimama darasani kumuuliza mwalimu kama ni kweli amekatwa tumbo, somo la siku hiyo limeharibika.

Tena kuna jambo ambalo washauri wa kutangaza hawakuligusa. Uzito hushuka kwa kasi mwaka wa kwanza, mara nyingi hufika chini kabisa kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu, halafu kwa watu wengi kiasi fulani hurudi. Madaktari huwaeleza wagonjwa hilo mapema. Walioambiwa kwenye kikao hawalijui. Mwaka wa tatu na wa tano watakuwa bado wanakupima kwa macho, na kilo chache zikirudi watasema umeshindwa. Ukiwaambia chumba kizima cha walimu, umewaambia kwa miaka yote mtakayokaa pamoja, na watakaohamia shuleni watasimuliwa na waliowatangulia.

Asiyesema naye atasengenywa, hilo silifichi. Mwili ukipungua haraka watu huutafutia ugonjwa. Kati ya mwezi wa tatu na wa sita nywele za wengi hunyonyoka, na ingawa baadaye huota tena, wenzako wataziona mabegani mwa nguo yako. Jibu langu lilikuwa moja kwa wote: "Nilikuwa kwenye matibabu, naendelea vizuri, ahsante kwa kuniulizia." Ni kweli tupu, na halimwachii mtu nafasi ya kuchimba. Aliyerudia swali nilimrudishia maneno yale yale bila kupandisha sauti. Watu huchoka.

Kilichonifanya hasa nishike kalamu ni hiki. Kunyamaza ni haki yako. Kusema "ni mazoezi tu" ni jambo jingine, kwa sababu kuna mtu anakusikiliza na kukuamini. Shuleni kwetu yuko mwalimu kijana, mnene, mchapakazi, anayependwa na watoto. Nilipoanza kupungua walianza kumwambia, "Mwenzako ameweza, wewe unashindwa nini?" Mwili wangu ukawa fimbo ya kumchapia. Nikamwona anaacha kula mchana, na siku moja, nikipita nje ya darasa lake, nikamkuta ameshika ukingo wa ubao kwa mikono miwili huku amefumba macho, watoto wamenyamaza kimya.

Baada ya vipindi nilimwita maktaba, nikafunga mlango. Nikamwambia: mdogo wangu, usinifuate mimi kwa kujinyima, maana sikupungua hivyo. Sehemu kubwa ya tumbo langu la chakula imetolewa. Katika upasuaji niliofanyiwa huondolewa kama robo tatu au zaidi. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa, inayoitwa grelini. Hiyo njaa unayopigana nayo mchana kutwa, mimi nimepunguziwa na daktari. Alitulia kidogo, kisha akauliza kama ni kweli mtu humeza vitamini maisha yake yote. Nikamwambia ni kweli: B12, madini ya chuma, kalsiamu, na kupima damu kila baada ya muda. Siri ile hakuitoa. Kama atakwenda kwa daktari au hatakwenda, hilo ni lake, sijamuuliza.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, wadadisi hawana wanachokudai. Lakini ukimwona mtu anaumia kwa sababu ya asichokijua juu yako, huyo mfikirie, kisha uamue mwenyewe.

Na yule msomaji aliyeandika kwamba huu upasuaji ni njia ya mkato ya wavivu, naomba anisikilize. Shirika la Afya Duniani linauhesabu unene uliokithiri kuwa ugonjwa sugu. Madaktari Edward Mason na Chikashi Ito walianza kufanya aina nyingine ya upasuaji wa kupunguza uzito, ule wa kukipitisha chakula kando ya sehemu kubwa ya tumbo, huko Marekani mwaka 1966, kwa hiyo si mtindo wa jana. Uswidi walianza mwaka 1987 kuwafuatilia maelfu ya watu wanene, wengine wakipasuliwa na wengine wakipewa matibabu ya kawaida, na mwaka 2007 wakachapisha matokeo: vifo vilikuwa vichache zaidi kwa waliopasuliwa. Kisukari cha aina ya pili kwa wengi hupungua, kwa baadhi hutulia kabisa kwa miaka. Hatari ipo, kama ilivyo kwa upasuaji wowote, na mtu huingia chumba kile akiijua. Aliyetolewa kidole tumbo hatumtaki asimame kikaoni kujieleza. Mgonjwa wa presha hatumwiti mvivu kwa kumeza vidonge. Sioni kwa nini aliyepasuliwa ili apungue uzito atendewe tofauti.

Wakuu wa shule nao wana sehemu yao. Cheti cha daktari kikae kwenye faili. Kikaoni inatosha kusema kwamba mwalimu fulani yuko kwenye ruhusa ya ugonjwa na vipindi vyake vitashikwa na fulani. Wenzake wakiuliza anaumwa nini, mkuu awajibu kwamba wamuulize mwenyewe akirudi, na akirudi wasimuulize mbele ya wanafunzi.

Wewe uliyeandika, ukishapewa tarehe na hospitali, mwone mkuu wako kabla ratiba ya muhula haijapangwa. Ikishabandikwa ukutani, kila kipindi chako kitakachohamishwa kitazua maswali ambayo yangeweza kuepukwa.

Mwalimu wa hisabati
Jina na anwani vimehifadhiwa