Fika kwa Bi Rukia leo hii

Leeds, Jumatano mchana

Shoga yangu Mwanahawa,

Asalaam aleikum. Sisi hatujambo, baridi tu inatutafuna. Mengine nitakuandikia siku nyingine, leo nina la haraka.

Nasikia huko nyumbani mmeambiwa Mzee Salim "hajisikii vizuri". Shoga, sivyo! Juzi usiku muuguzi alimpigia Zuhura akamwambia baba yake ni "very poorly". Zuhura neno hilo hapa analisikia kila siku: mtoto akitoka kamasi ni "poorly", paka wa jirani akikataa chakula ni "poorly". Akajua ni mafua tu, akamaliza zamu yake, ndiyo akaenda asubuhi.

Kumbe wodini neno hilo lina uzito mwingine. Mimi nauguza wazee, nimelizoea. Daktari au muuguzi akisema "very poorly", ujue mgonjwa yuko hatarini, huenda asiamke. Hawapendi kutamka kifo, wanazungukazunguka. Sisi nasi tunazunguka, lakini ukiambiwa mtu "kazidiwa" si unatoka mbio hata kiatu husubiri?

Wala "sick" isingemsaidia. Waingereza ukiwaambia "I was sick" wanaelewa umetapika. Asha alisema hivyo kazini, akaletewa ndoo! Na wanangu, kiatu kikiwapendeza nacho ni "sick". Basi tu.

Narudi kwa mzee. Yuko kwenye oksijeni, kusema hawezi. Jana alifumbua macho, akaubana mkono wa Zuhura. Huyo binti analia, eti angekwenda usiku ule ule. Namwambia lugha si yake, ila hasikii.

Sasa nakuomba, nenda mwenyewe kwa Bi Rukia, mke wa mzee, usimpigie simu. Mchukue Mwalimu Hamisi mwende pamoja. Mwambieni "kazidiwa", msiseme "haumwi sana". Akitulia, Zuhura atapiga simu ya video baada ya isha, wodi wamekubali.

Presha ya Bi Rukia ikoje siku hizi, dawa anameza? Kassim bado hasemi na baba yake, Mzee Salim? Na pasipoti yake haijaisha muda? Usimfiche Kassim, hata akikufokea. Na wewe, mtihani wako wa Kiingereza wa wauguzi ni lini, au umeshafanya umeninyamazia?

Nijibu leo leo usiku.

Wako,
Mwanaisha