Chumvi haiwaki, Mhariri

Mhariri,

Makala yenu kuhusu bakteria wanaong'aa baharini niliisoma mara mbili kwa furaha, maana ni nadra viumbe hawa kupewa ukurasa mzima. Lakini sentensi moja imenikereketa: eti "chumvi ndiyo inayowaka." Mimi ni fundi wa maabara, nimewakuza bakteria hawa miaka tisa, na sentensi hiyo si kweli.

Mwanga hutoka kwenye kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali) kiitwacho lusiferasi, ambacho hutumia oksijeni pamoja na kemikali ambazo seli huzitengeneza kwa nguvu ya chakula chake. Chupa ya Aliivibrio fischeri, mmoja wa bakteria hawa, ikitulia gizani, mwanga hufifia hadi unabaki utepe mwembamba wa samawati juu kabisa, pale maji yanapogusana na hewa. Itikise kidogo, na chupa nzima inang'aa tena. Nimeifanya kazi hii mara nyingi mno, na bado hunishika pumzi.

Chumvi kazi yake ni nyingine. Bakteria hawa wanapopumua, husukuma sodiamu, ile iliyomo ndani ya chumvi ya bahari, nje ya seli. Inaporudi ndani, huvuta chakula na kuzungusha mkia wanaoogelea nao. Ndiyo maana potasiamu haiwezi kushika nafasi ya sodiamu, hata ukiipima kwa uangalifu gani. Bila sodiamu seli hudhoofika, na mwanga hufuata.

Hili nilijifunza kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nililetewa maji yaliyochotwa karibu na kiwanda, nipime kama yana sumu: bakteria wakififia, huwa ni dalili ya sumu. Niliwamiminia bakteria maji yale kama yalivyokuja. Mwanga ukaporomoka papo hapo, nami nikaandika "sumu kali." Usiku sikupata usingizi. Asubuhi nikarudia kwa maji safi yasiyo na chumvi hata chembe, na mwanga ukaporomoka vilevile! Seli zilikuwa zimefyonza maji zikapasuka. Utaratibu wa kimataifa, ISO 11348, unataka sampuli ya maji yasiyo na chumvi itiwe chumvi kwanza, kama gramu 20 kwa lita. Nilipoyatia chumvi maji yale ya kiwandani, mwanga ulibaki karibu kama ulivyokuwa. Ripoti yangu ilikuwa imeshawatuhumu watu, na ilibidi niende mwenyewe kuomba irudishwe.

Tena, kwa mkemia, neno "chumvi" ni ukoo mkubwa. Salfeti ya zinki nayo ni chumvi, na kiasi chake kidogo tu huwafifisha bakteria haohao wanaohitaji chumvi ya bahari ili waishi. Mwandishi wenu ameziweka zote kapu moja.

Naomba sentensi ile isahihishwe katika toleo lijalo, kwa herufi zinazosomeka, kwa sababu walimu hukata makala zenu na kuzibandika ukutani darasani.

Wenu,
Fundi wa maabara