Risala ya Kikundi cha Wakulima Wanawake, Vijana na Watu Wenye Ulemavu kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mavuno

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa Kijiji, Mtendaji wa Kata, Afisa Ugani, viongozi wetu wa dini, wazee wetu, wanakikundi wenzetu, mabibi na mabwana: asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana asifiwe.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kukufikisha salama kutoka Dodoma mjini, na tunakupa pole kwa barabara. Karibu sana. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Nasi wageni tumewapokea wengi, kila mmoja kwa heshima yake na kwa kuku wake, ila kupona ndiko tunakokusubiri.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi chetu kilianza mwaka 2011 kikiwa chama cha kufa na kuzikana, kikaingia kwenye kuweka na kukopa, kisha kilimo cha pamoja. Kimesajiliwa, kina katiba na akaunti benki. Leo tuna wanachama 34, wanawake wakiwa 21, na kati yetu wote wenye ulemavu ni 5, akiwemo Mhazini. Mengine yamo kwenye katiba, nakala umeshapewa, tusikuchoshe.

Mafanikio yetu ni makubwa mno. Tumeleta mapinduzi ya kilimo kijijini hapa: tunalima ekari 14 za mtama wa mbegu ya Macia, alizeti na karanga za mbegu ya Pendo. Tumenunua mashine ya kubangulia karanga, ambayo ni nzima kabisa, leo imepumzishwa tu kwa sababu ya mkanda. Watoto wa darasa la awali wanakunywa uji wa unga wetu. Tunathubutu kusema kwamba njaa katika kaya za wanachama imebaki historia, ukiacha mwezi wa kwanza na wa pili. Na hapo kwenye mwezi wa kwanza na wa pili, Mheshimiwa, ndipo lilipo ombi letu la ghala.

Njaa hiyo haitokani na uvivu, wala si mvua peke yake. Mavuno yakitoka shambani hatuna pa kuyaweka. Yanajazwa sebuleni kwa Mama Mwenyekiti mpaka wajukuu wake wanatandika juu ya magunia. Mnunuzi analijua hilo. Anakuja na lori, anataka lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, wakati vipimo vya namna hiyo vimepigwa marufuku, anataja bei yake, na mzazi mwenye mtoto anayedaiwa michango shuleni hana ubavu wa kubishana. Mtama ule ule unapita soko la nafaka la Kibaigwa, kisha mwezi wa pili tunaununua kwa debe kwa bei ya kutoa machozi. Aliyebakiza mahindi ndani naye anakula pamoja na dumuzi.

Karanga ndizo zinazotuumiza zaidi. Tunazianika chini, kwenye turubai zilizotoboka. Wingu likitanda kila mtu anakimbia na kona yake, na zinazoloa zinachanganywa na kavu kwa sababu nafasi ni moja. Huko ndiko kunakoota ukungu unaotoa ile sumu iitwayo sumukuvu. Mheshimiwa, sisi wa mikoa hii hatuhitaji semina ya kutueleza sumukuvu ni nini. Mwaka 2016 iliua watu hapa Dodoma na kule Manyara. Semina tumehudhuria, fulana tunazo, tena tumezivaa leo. Tulifundishwa kwamba karanga zikaushwe vizuri na zihifadhiwe juu ya chaga, kwenye jengo linalopitisha hewa. Tukauliza jengo liko wapi, tukaambiwa hilo ni la awamu inayofuata.

Hoja ya ghala basi si ngeni. Mgeni rasmi mmoja alituahidi mabati. Tulipiga vigelegele, picha ipo ofisini. Aliyefuata alikuja na kamba ya kupimia, tukachimba msingi siku hiyo hiyo, akasema saruji iko njiani. Tunaamini bado iko njiani, barabara yenyewe umeiona. Wa baadaye alitufafanulia kwa upole kwamba yule mwenzake hakuwa na kasma, yaani fungu la bajeti, ya kuahidi. Sisi upande wetu tulifyatua na kuchoma matofali 9,000. Yako pale nyuma ya turubai la wageni, tumeyafunika kwa nyasi. Ya juu yameanza kumomonyoka, na mbuzi wameyafanya mlima wao. Ukisimama utayaona, tunakuomba usimame.

Mheshimiwa, kuna watakaosema tukope. Tumekopa. Mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ule wa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, tuliupata na tukaurejesha wote, tunaushukuru kwa sababu hauna riba. Tulitaka kuomba tena, mikopo ikasitishwa nchi nzima mwaka 2023, tukasubiri mpaka iliporudi mwaka 2024. Lakini mkopo wa aina ile unafaa kununulia mbegu na mashine. Ghala halianzi kuingiza pesa mpaka lijae, na marejesho hayasubiri msimu. Kwa ghala tunahitaji ruzuku.

Septemba 2023 tulisikiliza redioni mkutano wa mifumo ya chakula barani Afrika uliofanyika Dar es Salaam. Wakulima wadogo, wanawake na vijana walitajwa kila baada ya sentensi mbili, tukafurahi, tukajua zamu yetu imefika. Tukaomba ruzuku. Andiko lilitakiwa kwa Kiingereza, tukamlipa kijana wa mjini atuandikie. Likarudi: halina hati ya ardhi. Tukaenda mkutano mkuu wa kijiji, tukapewa eneo, tukafuatilia hati ya kimila mpaka tukaipata. Likarudi tena: hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu. Mkaguzi aliyesajiliwa alitaja ada inayozidi pesa zote za mfuko wetu. Tulipokuwa tunachangishana tukaambiwa dirisha la maombi ya ruzuku limefungwa. Ramani waliyotupa tumebaki nayo. Inasema juu kabisa kwamba mradi ni jumuishi, na mlangoni imechorwa ngazi tano. Mhazini wetu anatembelea baiskeli ya magurudumu matatu.

Kwa heshima na taadhima, ombi letu ni moja. Tunaomba ruzuku ya kumalizia ghala: saruji, nondo, mabati, sakafu ya kuanikia yenye zege, mizani, na mteremko badala ya zile ngazi. Kwa makadirio ya fundi wetu ni shilingi milioni 38. Matofali, mchanga, maji na nguvu kazi ni juu yetu, na tunaomba vihesabiwe kuwa ndiyo mchango wa kikundi, kwa kuwa asilimia 20 ya fedha taslimu wanayoidai wenye madirisha hatunayo na hatutakuwa nayo kabla ya kupata ghala. Kama ruzuku haiwezekani leo, basi tusaidiwe mkaguzi wa hesabu, na andiko lipokelewe kwa Kiswahili. Kama hilo nalo haliwezekani, tunaomba tuambiwe hivyo hivyo, mbele ya mkutano huu, ili tuyauze matofali yangali na thamani.

Kitabu cha wageni kiko mezani mbele yako. Ukurasa wa kushoto una maneno ya waliokutangulia. Kwenye ukurasa wako Katibu amepiga mstari wa ahadi, mstari wa tarehe ya kutekeleza, na mstari wa namba ya simu ya ofisi itakayohusika.

Tunakutakia safari njema ya kurudi, na chakula kiko tayari mara baada ya kusaini.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi