Mwanangu, umekabidhiwa vijana

Mwanangu mpenzi,

Bwana Yesu asifiwe. Nimefurahi mno kusikia kwamba umekabidhiwa darasa la vijana, na kwamba masomo uliyopangiwa ni imani, maombi na ulimi. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia simu, ili uwe na kitu cha kurudia unapoandaa.

Umeniuliza uanze na somo lipi. Wengi watakushauri uanze na imani kwa kuwa ndiyo msingi. Mimi nasema anza na ulimi. Kijana wa miaka 15 anaweza kukaa muda mrefu asijue imani yake imesimama wapi, lakini neno alilotupiwa jana mbele ya wenzake analijua barabara, na lile alilomtupia mwenzake analijua pia. Mkute hapo kwanza. Ukianza na imani, atakupa majibu aliyoyakariri tangu utotoni, nawe utadhani ameelewa.

Kitabu chako kiwe Waraka wa Yakobo. Una sura 5 tu, mistari 108. Siku ya kwanza waache wausome wote kwa sauti, wakipokezana, na wewe usieleze kitu. Wataona wenyewe kwamba Yakobo hayatengi hayo mambo matatu. Anaanza na mtu anayeomba hekima, anamtaka aombe kwa imani. Katikati anaushika ulimi. Mwisho anarudi kwenye maombi.

Halafu wapeleke kwenye sura ya 2, mstari wa 15 na 16, mkae hapo. Kuna ndugu hana nguo wala chakula cha siku, na mtu wa kanisani anamwambia, "Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba." Waulize: huyu mtu amesema neno gani baya? Hakuna. Hajatukana, hajasengenya, hajadanganya. Amesema maneno mazuri, yenye sauti ya baraka kabisa, ungeweza kuyaitikia amina. Na huo ndio mfano wa kwanza ambao Yakobo anautoa anapoeleza imani iliyokufa. Hapo utakuwa umegusa masomo yote matatu kwa mpigo. Vijana wetu wanafundishwa sana kuyaacha maneno machafu, na ni vema, lakini ni wachache wanaoambiwa kwamba hata neno safi linaweza kuwa bure.

Wakubwa kidogo watakuuliza mbona Paulo anasema mtu huhesabiwa haki kwa imani, na Yakobo anasema si kwa imani peke yake. Usiogope swali hilo wala usilikwepe. Martin Luther mwenyewe, yule aliyeongoza matengenezo ya kanisa, lilimsumbua, hata mwaka 1522 akaufananisha waraka huu na majani makavu. Fungua nao Mwanzo 15, Abrahamu anapoiamini ahadi akiwa bado hana mtoto, kisha Mwanzo 22, miaka mingi baadaye, anapomweka Isaka juu ya madhabahu. Katika Warumi 4 Paulo anasimama kwenye ile sura ya kwanza. Yakobo anaanza na hii ya pili, kisha anasema ndipo lile andiko la kwanza lilipotimizwa. Waache wasome, wabishane kwa adabu. Kijana aliyebishana na andiko halisahau upesi.

Sasa maombi. Hapa nina jambo linaloniuma, na nakuomba ulichukulie kwa uzito. Katika vikundi vya maombi kuna kusengenya kulikovaa nguo ya ibada. Mtu anasema, "Tumwombee fulani, mnajua ana tatizo," kisha tatizo lote linamwagwa, na kabla ya jioni limefika kwenye simu za watu ambao hata hawakuomba. Binti mmoja aliwahi kuniambia kwamba aliacha kuhudhuria kikundi cha vijana siku aliposikia siri ya nyumbani kwao ikiombewa kwa sauti. Aliyeiomba hakuwa na nia mbaya. Lakini binti hakurudi.

Kwa hiyo wawekee utaratibu tangu mwanzo: hakuna kutaja habari za mtu asiyetoa ruhusa. Mungu anamjua jirani yako na shida yake. "Bwana, mkumbuke mwenzangu" ni ombi kamili. Wafundishe pia kwamba kuandika ni kusema. Ujumbe uliotumwa kwenye kundi, picha ya mtu iliyowekewa maneno ya kumcheka, hata kusambaza tu kile alichoandika mwingine, vyote vimo ndani ya ule moto wa sura ya 3, ambapo Yakobo anasema ulimi ni moto.

Usimlazimishe kijana yeyote kuomba kwa sauti. Wako wenye maneno mengi na wako wanaotetemeka, na wote wanasikiwa. Wape Zaburi ya 13, waione ikianza kwa kulalamika, "Ee Bwana, hata lini?" Wakijua kwamba Biblia yenyewe inaruhusu mtu aseme hivyo mbele za Mungu, wataacha kuigiza sauti za wahubiri.

Utafika kwa Eliya, maana Yakobo anamtaja kuwa alikuwa mwanadamu mwenye tabia moja na sisi. Wengi hukimbilia ile miaka mitatu na miezi sita bila mvua, wakamfanya Eliya jitu. Wewe nenda polepole kwenye 1 Wafalme 18. Yuko juu ya mlima Karmeli, ameinama, uso kati ya magoti, na mtumishi wake anatumwa kutazama baharini. Anarudi: "Hakuna kitu." Anatumwa tena, na tena, mpaka mara ya saba ndipo anaona wingu dogo kama mkono wa mtu. Kisha fungua sura inayofuata tu: mtu yuleyule yuko jangwani chini ya mti uitwao mretemu, anaomba afe. Na Mungu hamkemei. Malaika anamgusa, anamwambia ainuke ale. Mwanangu, usiikate sura hiyo ya 19 kwa sababu ya muda. Katika darasa lolote la vijana yupo aliyeketi chini ya mretemu wake, huku akitabasamu.

Wakikuambia wana mashaka, usiwatupie haraka mstari wa mwenye shaka anayefanana na wimbi la bahari. Ule mstari ni wa kweli na utaufundisha, lakini uweke kando ya yule baba wa Marko 9 aliyelia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yesu alimponya mtoto wake.

Nimalizie na wewe mwenyewe. Sura ya 3 kabla haijataja hatamu wala usukani wala moto, inaanza na mwalimu: "msiwe waalimu wengi." Onyo la ulimi linakuanzia wewe. Usiahidi kwa niaba ya Mungu kile ambacho hakuahidi. Usimwambie kijana kwamba mama yake atapona akiomba kwa imani ya kutosha. Akizikwa, umemwachia mzigo wa kudhani yeye ndiye aliyepungukiwa. Swali usilolijua, sema hulijui, mtalitafuta pamoja. Siri wanazokuletea zisiwe mfano wa somo lako, hata ukificha jina, maana vijana wanatambuana. Lakini akikuambia kwamba anaumizwa na mtu, au anataka kujidhuru, hiyo si siri ya kukaa nayo: mwambie wazi kwamba utamtafutia msaada, kisha nenda siku hiyohiyo kwa mtu mzima mwenye dhamana, ambaye si yule anayemuumiza.

Somo la kwanza ukishaliandaa, nisomee kwa simu kabla hujaenda. Na uniletee maswali yao, hasa yale yaliyokushinda. Tutakaa nayo mimi na wewe, Biblia ikiwa wazi.

Nakuombea kila siku.

Mama yako