Mteja aonyeshwe kopo kabla ya kupakwa dawa ya nywele

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji ili niseme jambo moja kuhusu kazi yangu. Mimi ni msusi na mtengenezaji wa nywele hapa Tanga, na huu ni mwaka wangu wa 22 katika kazi hii. Ninalotaka kulisema ni kwamba mwanamke yeyote anayeingia saluni kunyooshwa nywele ana haki ya kuonyeshwa kopo au chupa ya dawa atakayopakwa, ikiwa na lebo yake, kabla kifuniko hakijafunguliwa, na saluni isiyoweza kumwonyesha isimguse kichwa.

Kilichonisukuma kuandika ni mteja aliyekuja kwangu hivi karibuni akiwa amejitanda mtandio hadi kwenye nyusi. Alipoufungua niliona ngozi ya kisogoni na nyuma ya masikio imechubuka na kutoa majimaji, na nywele za utosini zimekatika karibu na shina. Alikuwa amewekewa keratini, dawa ya kunyoosha nywele kwa joto la pasi, siku nne kabla, mahali ambapo sitapataja. Nilipomuuliza ilikuwa keratini gani, hakujua. Alichokumbuka ni kwamba fundi aliimimina kutoka kwenye chupa ya maji ya kunywa isiyo na karatasi wala maandishi, na kwamba alisikia ikisemwa ni ya kupima, kama tunavyonunua mafuta ya kula. Nilimsindikiza hospitali, na swali la kwanza la daktari lilikuwa lile lile nililouliza mimi. Hatukuwa na jibu la kumpa, na daktari akatibu kidonda bila kujua kilichokichoma.

Wasomaji wasio na mazoea ya saluni huenda wasijue biashara hii inavyokwenda. Kopo kubwa la relaksa, yaani krimu ya kunyooshea nywele, au galoni ya keratini hununuliwa na mtu mmoja, kisha hugawanywa katika vikopo vya aiskrimu na chupa za maji na kuuzwa kwa saluni ndogo ndogo ambazo hazina mtaji wa kununua kopo zima. Sina ugomvi na mwenye mtaji mdogo, maana nami nilianza na kiti kimoja cha plastiki, kitana cha chuma na jiko la mkaa. Lakini dawa ikishatolewa katika kopo lake hupoteza kila kinachomlinda mtu: jina lake, nchi ilikotoka, viambato, dakika inazopaswa kukaa kichwani na tarehe ya kwisha muda wake. Hata anayeiuza hawezi kuapa kwamba kilichomo ndicho alichonunua.

Dawa zenyewe hazifanani. Relaksa ya kopo moja kwa kawaida hutengenezwa kwa hidroksidi ya sodiamu, ambayo watengeneza sabuni wanaifahamu kama kostiki soda. Ile inayokuja na krimu na kichupa cha majimaji pembeni hutumia hidroksidi ya kalsiamu, yaani chokaa iliyozimwa, ambayo hupata nguvu ya kunyoosha inapochanganywa na kile kichupa, na ikishachanganywa haifai kuwekwa ikingoja mteja wa wiki ijayo. Zote mbili ni kali, kwani katika kipimo cha pH kinachoishia 14, relaksa huwa kati ya 12 na 14. Hufanya kazi kwa kukata vifungo vya salfa vinavyoushika unywele katika mkunjo wake, na kazi hiyo ikishafanyika haitenguliki. Unywele ulionyooka utabaki hivyo mpaka ukatwe, na mpya utaota na mkunjo wake wa kuzaliwa, kiasi cha sentimita moja na kitu kwa mwezi. Ndiyo maana dawa ya kurudia hupakwa kwenye ukuaji mpya tu, baada ya wiki 8 hadi 12, na haishuki tena hadi nchani. Kalikiti, dawa ya kutia nywele mawimbi waliyoipenda dada zetu miaka ya 1980, ilikuwa ya jamii nyingine ya kemikali, na nywele zilizotiwa dawa ya jamii moja zikipakwa ya jamii nyingine zinaweza kukatika kichwa kizima. Msusi aliyeshika kikopo cha aiskrimu atajuaje kilichomo ni cha jamii ipi?

Keratini ndiyo inayonitia hofu zaidi. Jina lenyewe ni la protini iliyomo ndani ya nywele na kucha zetu, kwa hiyo mteja huamini kwamba nywele zake zinalishwa. Kinachonyoosha, hata hivyo, mara nyingi ni fomaldihaidi, ile ambayo ikiyeyushwa katika maji tunaiita formalini na hutumika kuhifadhia maiti. Dawa hupakwa, nywele hukaushwa kwa draya, kisha hupitishwa pasi yenye joto la nyuzi 200 na zaidi, na hapo ndipo mvuke hutoka. Aliyewahi kukaa ndani ya mvuke huo anaukumbuka: macho yanatiririka machozi, koo linawasha, kifua kinabana. Mteja huupata mara chache kwa mwaka. Msusi huupata siku baada ya siku, pengine akiwa mjamzito, pengine mwanawe mchanga amelala juu ya kanga hatua mbili tu kutoka kwenye kiti, na dirisha limefungwa ili baridi ya kiyoyozi isitoke. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni sehemu ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza mwaka 2004 kwamba fomaldihaidi ni miongoni mwa vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Brazil, nchi ambako mtindo huu ulipata umaarufu wake, imekataza kuitumia kunyooshea nywele.

Wauzaji wametambua kwamba neno formalini linatisha, na siku hizi chupa nyingi zimeandikwa kwamba hazina. Maandishi hayo peke yake hayatoshi. Mwaka 2011 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliionya kampuni moja iliyoandika kwamba dawa yake haina fomaldihaidi, ilhali ndani mlikuwa na methilini glaikoli, ambayo ni fomaldihaidi iliyokwisha kuungana na maji na ambayo hutoa mvuke ule ule inapopata joto. Dawa nyingine ni kweli hazina, lakini badala yake zimewekewa asidi ya glaioksiliki. Mwaka 2024 madaktari nchini Ufaransa walieleza katika jarida la kitabibu habari za mwanamke wa miaka 26 ambaye figo zake zilipata madhara mara tatu, mwaka 2020, 2021 na 2022, na kila mara ilikuwa baada ya kunyooshwa nywele saluni huko Tunisia. Krimu iliyotumika ilikuwa na asilimia 10 ya asidi hiyo, na watafiti walipowapaka panya migongoni, panya nao wakaharibika figo. Madaktari wale walifikia jibu kwa sababu walijua kilichokuwamo ndani ya krimu. Mteja wangu, mwenye chupa ya maji isiyo na karatasi, hangeweza kusaidiwa kwa njia hiyo hata angetibiwa na bingwa gani.

Upo pia utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa Oktoba 2022, ambao uliwafuatilia wanawake 33,497 wenye umri wa miaka 35 hadi 74 kwa karibu miaka 11, na 378 kati yao wakapata saratani ya mji wa mimba. Watafiti walikadiria kwamba asilimia 1.64 ya wanawake wasiotumia kabisa dawa za kunyoosha nywele wangepata saratani hiyo kabla ya kufika miaka 70, na kwa waliozitumia zaidi ya mara nne kwa mwaka makadirio yalifika asilimia 4.05. Kwa haki ya wasomaji niseme kwamba hesabu hizo zinaonyesha uhusiano tu, hazithibitishi kwamba dawa ndiyo iliyosababisha ugonjwa, na watafiti hawakukusanya majina ya bidhaa zilizotumika. Nawaeleza wateja wangu habari hizi kwa utulivu kila wanaponiuliza. Baadhi wameacha, baadhi wamepunguza kutoka mara sita kwa mwaka hadi mbili, na baadhi wameendelea, nami siwafokei.

Wapo watakaosoma mpaka hapa na kusema kwamba suluhisho ni wanawake kuacha kunyoosha nywele na kuridhika na walivyoumbwa. Sikubaliani nao, hasa kwa ile sauti ya kukemea. Mwanamke kubadili nywele zake ni jambo la siku nyingi kuliko relaksa yoyote: mama zetu walisuka mabutu na twende kilioni, wakatia hina, wakasinga kwa mafuta ya nazi. Kwangu huja mjane aliyetoka eda, huja binti aliyepata kazi yake ya kwanza, huja mama aliyejifungua ambaye nywele zake za mbele zimepukutika na hataki kujitazama kwenye kioo. Kila mmoja ana sababu ya kutaka sura mpya, na sababu hiyo ni yake. Anachostahili kutoka kwetu ni ukweli kuhusu kitu tunachompaka.

Ukweli huo unahusu mkasi pia, kwa sababu wengi wanaoniambia, "Dada, nataka nibadilike," wanachohitaji ni mkato, nasi tunawauzia dawa kwa kuwa dawa ina faida kubwa zaidi. Nywele zilizotiwa relaksa na kuanza kukonda nchani hazitapona kwa dawa nyingine. Zikikatwa bobu inayogusa taya, zinaonekana nene siku hiyo hiyo. Uso mrefu hupendeza nywele zikijaa pembeni, na wa duara hupendeza zikiachwa na urefu kidogo utosini. Anayetaka kuachana na dawa halazimiki kunyoa zote kwa mara moja: anaweza kuja kila baada ya miezi miwili nikamkata sehemu ya zile zilizonyooshwa, huku zake za asili zikiendelea kuota kutoka shinani. Nywele za kipilipili zinataka fundi mwenye subira, kwani zikilowa huonekana ndefu na zikikauka hujikunja zikabaki nusu, na msusi anayekata bila kulikumbuka hilo humwachia mteja nywele fupi kuliko alizoomba. Ni ufundi wa mikono na macho, hauhitaji dirisha kufunguliwa, na nasikitika kuona vijana wengi wanaoingia katika kazi hii wakijua kupaka dawa kabla hawajajua kushika mkasi.

Kuhusu watoto nitasema kwa ufupi kwa sababu sioni cha kujadili. Kila Desemba shule zinapofungwa, na kila sikukuu inapokaribia, huletewa watoto wa miaka sita au saba ili niwaweke dawa. Picha ya mtoto anayetabasamu juu ya boksi haiifanyi relaksa iliyomo kuwa laini. Ni kemikali za jamii ile ile. Huwarudisha na kuwasuka.

Ninachoomba kwa mamlaka si kikubwa. Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na nawaomba waifikie dawa ya kupima huko inakogawanywa kabla haijafika saluni, na wahimize maelezo ya hatari na ya dakika yaandikwe kwa Kiswahili, kwa sababu lebo ninazoziona zimejaa Kiingereza na Kireno. Maafisa afya wa halmashauri wanapokuja kukagua choo na leseni, waombe pia kuona makopo, na watazame kama chumba kinapitisha hewa. Waagizaji nao watengeneze vifungashio vidogo vya kutosha kichwa kimoja, vyenye lebo kamili, ili mwenye saluni ya kiti kimoja asisukumwe kwenye kikopo cha aiskrimu. Nanyi wateja, ulizeni. Msione haya. Fundi akikwambia, "Usijali, dada, ni nzuri tu," omba kopo kwa upole, na ukinyimwa, chukua mkoba wako.

Saluni yangu ni ndogo. Keratini nimeacha kuiweka, na nimepoteza wateja kadhaa kwa hilo. Relaksa ninazo za aina mbili, zimepangwa kwenye rafu mbele ya kioo, kila moja katika kopo lake. Yule mteja wangu vidonda vyake vimekauka, na wiki iliyopita alirudi akaomba nimkate nywele fupi. Nilipomaliza alizitazama rafu kupitia kwenye kioo, akaniuliza kama anaweza kusomewa yaliyoandikwa kwenye makopo. Nilivuta kigoda nikakaa karibu naye, tukayasoma yote, moja baada ya jingine.

Msusi wa nywele,
Tanga.