Anayeshinda na mzee mwenye dimensia naye afundishwe

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo linaloniuma siku nyingi, hasa ikikaribia tarehe 1 Oktoba siku ya wazee, maana hotuba zinakuwa nyingi na dirisha la wazee hospitalini linatajwa sana, ila mtu anayeshinda na mzee kuanzia alfajiri mpaka usiku hatajwi kabisa. Namaanisha dada wa kazi, au mkamwana, au mjukuu wa kike aliyemaliza fomu foo akaambiwa basi kaa hapa na bibi yako. Huyo ndo anawalea wazee wenye dimensia nchi hii, yaani ugonjwa wa ubongo unaomwondolea mtu kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, na hajawahi kufundishwa hata saa moja.

Na tusijidanganye kwamba ni ugonjwa wa Wazungu. Hapa hapa Kilimanjaro, wilaya ya Hai, watafiti walipita vijijini wakiwapima wazee wa miaka 70 kwenda juu, majibu yakachapishwa 2013, wakakuta katika kila wazee 100 zaidi ya 6 wana dimensia. Shirika la Afya Duniani nalo linasema wagonjwa duniani ni zaidi ya milioni 55 na zaidi ya asilimia 60 wako nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani huku kwetu. Dawa ya kuponya hamna. Kinachobaki ni matunzo, na matunzo yanategemea anayetunza anajua nini.

Mama mkubwa wangu yuko Machame, ugonjwa umemshika miaka sasa. Alikuwa anaamka saa kumi na moja alfajiri anatafuta mundu na kamba, anataka atoke. Nyumbani wakasema anatoroka, geti likapigwa kufuli, akawa anagonga geti analia na kumtukana dada, mwisho akaitwa mkorofi. Na yule dada katoka Singida, mama mkubwa sa hivi Kiswahili kinamponyoka anaongea Kimachame tu, kwa hiyo hawa wawili wanashinda nyumba moja na hawaelewani. Jirani mmoja wa rika lake ndo akasema jamani huyu hatoroki, huyu anaenda kukata majani ya ng'ombe, tumeenda wote tangu tumeolewa na saa yenyewe ndo hii. Basi sasa hivi akiamka anavalishwa sweta na kanga, dada anamshika mkono mpaka zizini, anawawekea ng'ombe majani anaongea nao Kimachame chake, afu wanarudi kunywa chai. Kufuli liliondolewa. Jioni bado anahangaika, jua likizama anadai apelekwe kwao, siwezi kusema mambo yote yamekaa sawa, ila zile vurugu za alfajiri zimepungua sana na hakuna kidonge kilichoongezwa.

Uingereza kulikuwa na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Bradford, Tom Kitwood, ambaye miaka ya 1990 alisisitiza jambo hilo hilo, kwamba umtazame mtu kwanza ndipo uutazame ugonjwa: alikuwa nani, alifanya kazi gani, anaogopa nini, nini kinamtuliza. Mwaka 1997 akaorodhesha mambo 17 tunayowafanyia wagonjwa hawa yanayowavunja utu wao, na mengi watu wanayafanya bila ubaya wowote moyoni. Kumdanganya ili atulie. Kumharakisha. Kumtisha. Kumsemesha kama mtoto mchanga, kumjadili mbele yake kana kwamba hayupo, kumlisha bila kumwambia unamlisha nini. Mzee ambaye maisha yake yote watu walimwamkia shikamoo, leo anavuliwa nguo na binti asiyemwambia hata "bibi sasa tunaoga", akikataa na kurusha mkono tunasema kawa mkali! Hata wewe msomaji ungerusha.

Haya yanafundishika na hayahitaji digrii. Dada anaweza kufundishwa asibishane na mzee anayemuulizia mume aliyekufa zamani, amuulize babu alikuwa mtu wa namna gani, amwache aongee. Afundishwe kumsogelea kwa mbele na siyo kumshtukiza mgongoni, kumpa nguo moja moja na siyo rundo, kumwachia kazi anayoiweza hata kama ni kuchambua maharage na yakatoka na mawe. Na kuna moja lenye hatari kweli: mzee akibadilika ghafla ndani ya siku moja mbili, haraka watu wanasema ugonjwa umepanda, wakati inaweza kuwa UTI, nimonia, maji yamepungua mwilini au dawa mpya aliyoanzishwa, na hapo ni kumwahisha hospitali siyo kungoja.

Halafu kuna kanda nyingine, Shinyanga, Mwanza na Geita, ambako bibi anaweza kuitwa mchawi na kuuawa kwa kuwa na macho mekundu tu, sasa fikiria bibi wa huko anayetembea usiku akiongea peke yake. Kwake mafunzo kwa familia na majirani ni suala la uhai.

Uzoefu tunao hapa hapa. Hai hiyo hiyo walijaribu vikundi vya wazee wenye dimensia, wanakaa pamoja kwenye vikao 14, mazungumzo, nyimbo, kazi za mikono, mazoezi yakapangwa upya ili hata asiyejua kusoma ashiriki, na matokeo yake akili zao zikachangamka na wasiwasi ukapungua. Januari 2024 serikali ikazindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo ni zaidi ya 137,000 nchi nzima. Hao wanaingia majumbani, wanaongea na mama mjamzito, wanauliza watoto chanjo, kwanini wasifundishwe pia kukaa na dada wa kazi nusu saa wamwonyeshe namna ya kumwogesha mzee anayeogopa maji? Naiomba wizara iliweke hilo kwenye mafunzo yao, na familia zenye uwezo zimpe dada huyo siku ya kupumzika kila wiki, maana anayekesha siku saba mfululizo hata umfundishe vipi uvumilivu utamwishia tu.

Na wewe Mhariri, ukurasa wa afya unao. Naomba utafute daktari wa wazee au muuguzi wa afya ya akili awe anajibu maswali ya hawa mabinti, na wapokee meseji za kawaida, wengi wao hawana smatifoni.

Msomaji wako,
Moshi