Barua ya wazi kwa mdogo wangu uliyekulia kanisani

Mdogo wangu mpendwa,

Sasa unakaa Malimbe, Mwanza, kwa ajili ya chuo, na Jumapili asubuhi hakuna anayekugongea mlango. Umeniuliza kama imani uliyonayo ni yako au ni ya mama. Nimefurahi sana kwamba umeuliza.

Soma 1 Samweli 3 taratibu. Samweli alilala hekaluni, lilipokuwa sanduku la Mungu, na asubuhi ndiye aliyefungua milango. Hata hivyo mstari wa 7 unasema alikuwa bado hajamjua Bwana. Alipoitwa, mara 3 alimkimbilia kuhani Eli akidhani ni mzee anamwita. Watoto wa kanisani hukwama papo hapo: wamezoea kumsikia Mungu kwa kinywa cha mzazi na mwalimu wa shule ya Jumapili, basi huitika kwa mzazi. Nawe mtazame Eli: hakumwitikia kijana kwa niaba yake, alimrudisha kitandani akaitike mwenyewe.

Usisubiri ushuhuda wa kishindo. Kwenye mikutano ya injili kama ile ya viwanja vya Furahisha, mara nyingi anayepewa kipaza sauti ni aliyeacha pombe au uganga. Asiyewahi kulewa hujiona hana cha kutubia, au hunyoosha mkono kila mkutano ili awe na hakika. Taja dhambi zako kwa majina: uongo kuhusu matumizi ya hela ya chuo, kuwadharau wasiosali, kutii kwa kuogopa macho ya watu. Kaka mkubwa wa mwana mpotevu katika Luka 15 hakuwahi kuhama nyumbani, na bado alikataa kuingia kwenye furaha ya baba yake.

Katika Biblia anza na Injili ya Marko. Ina sura 16. Soma moja kila asubuhi kabla hujashika simu. Ukianzia Mwanzo kuna hatari ya kuishia Walawi, wengi huchokea huko. Kwenye daftari andika Yesu amefanya nini katika sura hiyo, kisha andika lipi hapo huliamini. Hilo la pili usiliruke, maana shaka ukiificha utaanza kukwepa kusali bila kujua sababu. Halafu omba kwa sauti dakika 10, kwa Kisukuma kama ndicho unacholilia.

Ile Katekisimu Ndogo uliyoikariri kwa ajili ya kipaimara irudie pia, hasa maelezo ya Imani ya Mitume. Martin Luther aliyaandika mwaka 1529 kwa nafsi ya kwanza: ameniumba mimi, amenikomboa mimi. Ulikariri ili ufaulu. Sasa soma kila sehemu, usimame, useme kama unakubali.

Watakuja wa kukuambia ubatizo wa utotoni si kitu, uzamishwe ziwani wiki hii hii. Usikimbilie. Kaa kwanza na mchungaji wako, umuulize yote. Tafuta pia wenzako wawili au watatu wa kusali nao mara moja kwa wiki, na mmoja awe amekuzidi umri. Kuhama kanisa usikuamue kabla hujamaliza Marko.

Dada yako